Niache kwaya, au nianguke Muundo wa Data?

Swali: Mwalimu, hujambo. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, sayansi ya kompyuta. Naishi Mabungo, hapa Maseno, na mwenzangu anayesomea ualimu. Semesta hii nina yuniti sita. Alhamisi iliyopita nilikesha hadi saa kumi alfajiri na asaimenti ya orodha unganishi (linked list), nikaituma Ijumaa ikiwa bado mbovu, na CAT (jaribio la katikati ya semesta) ya kwanza ya yuniti ya Muundo wa Data nimepata 7 kwa 20. Naimba kwaya kanisani (sisi ni Waadventista). Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi jioni, na tunajiandaa kwa makambi, mikutano ya kanisa ya Agosti. Jumatano nacheza voliboli. Watu wa nyumbani nao wananipigia kila siku niwatengenezee simu au niwajazie fomu za eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Wenzangu darasani wanasema mtu wa kompyuta hana maisha, niachane na kwaya. Je, niache? Na laptopu yangu ya RAM ya GB 4, ni lazima nibadilishe? Nimeambatisha ratiba ya wiki yangu na ile programu iliyonikesha.

Jibu:

Usiache kwaya. Naanza na hilo kwa sababu ratiba uliyonitumia yenyewe inaitetea. Wenzako wamekuambia mshika mbili moja humponyoka. Methali ni nzuri, ila hawakupiga hesabu. Mazoezi ya kwaya, saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku mara mbili kwa wiki, ni saa nne. Voliboli ni saa moja na nusu. Sasa rudi kwenye mistari uliyoandika "niko room na wasichana": Jumatatu kuanzia saa mbili usiku hadi saa sita, Jumanne ukitoka kwaya hadi saa sita, Jumatano vivyo hivyo. Hizo ni saa kumi na mbili, na kando yake umeandika kwa mkono wako, "wao wanatazama filamu, mimi niko kwa simu." Yaani hata filamu hukuitazama.

Sikuambii uwafukuze. Nakuonyesha tu kwamba kwaya ina mwanzo na mwisho, ina watu wanaokungoja, na ukitoka huko unajua umefanya jambo. Jioni zile za chumbani hazina mwisho, husomi na wala huzungumzi na mtu vizuri. Mtu akitafuta pa kupunguza, huanza na kile kinachoonekana kwenye ratiba, na kwaya inaonekana kwa sababu ina saa yake. Kinachokula wiki huwa hakina saa.

Lakini hata hizo saa kumi na mbili si kiini cha tatizo lako. Kiini ni usiku ule wa Alhamisi, kwa hiyo tuufungue.

Nimeisoma programu yako. Umeijenga orodha vizuri: kila nodi inabeba namba na anwani ya nodi inayofuata, unaongeza 10, 20, 30 na 40, unazichapisha, zinatoka sawa. Ukifuta 30, sawa. Ukifuta 20, sawa. Ukifuta 10, skrini inajaa namba za ajabu au programu inakufa. Fanksheni yako inaanza hivi:

`void futa(struct nodi *kichwa, int x)`

Hitilafu yote iko kwenye mstari huo. Lugha ya C ikiita fanksheni huipa nakala ya thamani, hata kama thamani hiyo ni pointa, yaani anwani ya mahali kwenye kumbukumbu. `kichwa` kilicho ndani ya `futa` ni nakala ya kile kilicho ndani ya `main`, fanksheni kuu. Nodi unayoifuta ikiwa ya kwanza, unaandika `kichwa = kichwa->inayofuata`, kisha unaiachilia ile ya zamani kwa `free`. Umebadilisha nakala. Fanksheni ikiisha, nakala inapotea, na `main` inabaki imeshikilia anwani ya kumbukumbu uliyokwisha kuiachilia. Ukichapisha orodha baada ya hapo, unasoma mahali ambapo si pako tena. Nodi za katikati hazikukusumbua kwa sababu hapo unabadilisha kiungo kilicho ndani ya nodi iliyotangulia, na nodi hiyo ni ile ile moja, si nakala.

Dawa ni fupi. Fanya `futa` irudishe kichwa kipya, na ndani ya `main` uandike `kichwa = futa(kichwa, 10);`. Au ipokee pointa ya pointa. Vyovyote utakavyochagua, ni mistari mitatu au minne.

Sasa tazama ulichofanya usiku ule, kwa sababu faili zako zimeacha nyayo. Kwanza ulibadilisha kitanzi cha kuchapisha. Kisha ukabadilisha `malloc`, amri ya kuomba kumbukumbu. Kisha ukaondoa `free` kabisa, hitilafu ikajificha kidogo, ukafurahi, halafu ukaona 10 bado inachapishwa. Kufikia saa tisa ulikuwa umenakili fanksheni ya mtu mwingine kutoka mtandaoni, yenye majina mengine, na kompaila (programu inayotafsiri msimbo kwa mashine) ikaanza kulalamikia vitu ambavyo havikuwepo saa tatu usiku. Hilo si jambo la akili ndogo. Ni akili ya mtu aliyetoka darasani, akaenda kwaya, akala saa mbili na nusu, akaketi saa tatu kuanza kazi iliyotolewa Jumatatu.

Na hapa ndipo kazi yetu inapotofautiana na ya mwenzako wa chumbani. Yeye akipewa kurasa arobaini za saikolojia ya elimu, anajua kwa makadirio zitamchukua muda gani. Wewe ukipewa fanksheni ya kufuta nodi, hujui. Inaweza kuchukua dakika ishirini. Inaweza kuchukua saa saba, na kuamua ni ipi kati ya hizo mbili kunategemea zaidi hali ya kichwa chako kuliko urefu wa swali. Ndiyo maana ushauri wa "panga muda wako" hausaidii sana mtu wa kompyuta. Huwezi kupanga muda wa kitu usichojua kinahitaji muda gani. Unachoweza kupanga ni siku ya kuanza.

Basi anza siku ile ile kazi inapotolewa. Sisemi umalize, nasema uanze. Asaimenti ikitolewa Jumatatu, Jumatatu hiyo hiyo, kabla wageni hawajaingia chumbani, kaa dakika arobaini. Soma swali mara mbili. Andika kwenye karatasi mifano ya majaribio: orodha tupu, kufuta ya kwanza, kufuta ya mwisho, kufuta isiyokuwepo. Fungua faili, andika majina ya fanksheni zikiwa hazina kitu ndani, hakikisha kompaila inakubali, kisha funga laptopu uende zako. Ungefanya hivyo, kesi ya "kufuta ya kwanza" ungekuwa nayo kwenye karatasi tangu Jumatatu, na ungekutana na hitilafu yako Jumanne mchana ukiwa mzima, na watu wa kuuliza wakiwa wamekaa pembeni yako maabarani.

Kuna sababu nyingine ya kuanza mapema, na hii haielezeki kwa ratiba. Swali likishaingia kichwani linaendelea kufanya kazi hata ukiwa mbali nalo. Edsger Dijkstra, Mholanzi ambaye algoriti yake ya njia fupi utaisoma muda si mrefu kama bado hujafika hapo, aliibuni mwaka 1956 akiwa Amsterdam. Alikuwa ametoka kununua vitu na mchumba wake, wakachoka, wakaketi mkahawani kunywa kahawa, na kwa muda wa dakika kama ishirini, bila kalamu wala karatasi, akawa ameipata. Aliichapisha mwaka 1959. Watu hupenda kusimulia kisa hicho kama muujiza, na wanasahau kwamba swali tayari alikuwa nalo: kompyuta mpya ya ARMAC ilihitaji mfano wa kuonyeshwa watu, mfano ambao hata asiyejua hisabati angeuelewa, na ukawa ule wa njia fupi kati ya miji ya Uholanzi. Aliketi mkahawani na swali mfukoni. Wewe Jumanne ungeingia kwaya na swali mfukoni pia, ukaimba sauti yako ya pili, na huenda ukiwa njiani kurudi Mabungo ukajiuliza, "hivi kile kichwa ninachobadilisha ni kipi?"

Ukiliacha swali hadi Alhamisi saa tatu usiku, unajinyima saa zote hizo ambazo kichwa kingekufanyia kazi bure.

Tuje kwenye wiki yenyewe. Gawa kazi zako mara mbili: zile ambazo mtu akikukatiza zinaharibika, na zile ambazo hata ukikatizwa mara kumi hazidhuriki. Kuandika programu mpya, kutafuta hitilafu na kuthibitisha kanuni za hisabati ni za kwanza. Kunakili maelezo safi, kuchora michoro ya hifadhidata, kupanga ripoti na kupakua nyenzo ni za pili. Mtafiti Sophie Leroy aliandika mwaka 2009 kuhusu mabaki ya mawazo: mtu akitoka kwenye kazi ambayo hajaimaliza na kuingia nyingine, sehemu ya akili hubaki kule alikotoka, na kazi mpya huenda vibaya. Kila mtu aliyewahi kufuatilia pointa tatu kichwani, kisha mlango ukagongwa na kuulizwa "uko na chumvi?", anajua utafiti huo ulihusu nini.

Kwa hiyo kazi za kwanza zipe asubuhi. Kwenu Maseno kuna sababu ya ziada. Msimu wa mvua, ngurumo hupanda mchana, mvua inashuka jioni, na mara nyingi stima huondoka nayo. Mtu aliyepanga kuandika programu saa mbili usiku amepanga kwa kutegemea anga. Ratiba yako inaonyesha Jumanne huna darasa hadi saa tano. Saa mbili hadi saa nne na nusu, maabara au maktaba, simu ikiwa ndani ya begi na si mezani. Hiyo iwe saa yako ya kazi nzito ya wiki. Chaji laptopu kila unapokaa karibu na soketi, hata kama betri ina nusu.

Bando za usiku nazizungumzia haraka kwa sababu najua zinakuvuta: ni nafuu, na ndizo zinazowakesha wengi wenu. Zitumie kupakua, usizitumie kusoma. Anzisha upakuaji, lala. Nyaraka rasmi za Python zinapakuliwa zikiwa kifurushi kimoja na kusomwa bila mtandao. Za C zimo ndani ya Linux (mfumo endeshi, kama ilivyo Windows), andika `man malloc` kwenye terminali. Wataalamu wa usingizi wanapendekeza saa 7 hadi 9 kwa kijana wa miaka 18 hadi 25. Bei ya bando ya usiku haijumlishi hizo.

Na sasa Ijumaa. Kwenye ratiba umeandika kwamba asaimenti hufungwa Ijumaa saa sita usiku, na Sabato yako inaingia jua linapozama. Mko kwenye ikweta pale. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili unusu na saa moja kasoro mwaka mzima, halina msimu wa kukuongezea muda. Umeliandika hili kama lalamiko, kwamba wenzako wana saa tano zaidi yako. Mimi naliona kinyume. Mimi si Mwadventista, lakini nimefundisha wengi wa kanda ya ziwa, na wale walioichukua Sabato kama mpaka wa kweli walikuwa na wiki zilizopangika kuliko wenzao waliokuwa na wikendi nzima ya "nitafanya kesho". Tarehe yako ya mwisho si Ijumaa. Ni Alhamisi saa kumi na moja jioni, kabla ya mazoezi. Ijumaa asubuhi unasoma ulichoandika mara moja zaidi, unakiendesha na mifano yako ya Jumatatu, unatuma kabla ya chakula cha mchana. Mtandao ukigoma, bado una alasiri nzima ya kutafuta kwingine.

Alhamisi baada ya kwaya usifungue laptopu. Kaa na wenzako, na filamu mtazame kweli.

Kuhusu hao wageni wa chumbani: ongea na mwenzako kwanza, peke yenu, si mbele yao, kwa sababu chumba ni chenu wawili na yeye pia ana haki ya kuletewa watu. Kubalianeni siku mbili chumba kiwe kimya hadi saa mbili na nusu, mseme Jumatatu na Jumatano. Mtu akibisha hodi kabla ya hapo, huna haja ya hotuba. "Karibuni saa mbili na nusu, mje na mandazi, chai nitakuwa nimepika." Watakuja. Asiyekuja kwa sababu alikataliwa saa moja na kukaribishwa saa mbili na nusu hakuwa anakuja kwako.

Tuingie kwenye ile 7 kwa 20, maana najua ndiyo iliyokufanya uandike. Katika vyuo vyetu vingi CAT na asaimenti hubeba alama 30, na mtihani wa mwisho 70. CAT moja iliyoenda vibaya inaumiza lakini haijakuzika. Kinachonitia wasiwasi ni namna ulivyoisomea. Kwenye ratiba umeandika kwamba ulipitia slaidi zote mara tatu. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha jinsi kumbukumbu inavyoporomoka haraka siku za mwanzo na jinsi marudio yaliyotawanywa yanavyoizuia. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wakawapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Wengine wakayarudia kusoma, wengine wakajipima bila kuyatazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojipima ndio walikumbuka zaidi. Wewe unarudia kusoma, jioni ile ile unapomaliza unajiona unajua, halafu CAT inakuja baada ya siku nane.

Na kumbuka mtihani wenu unaandikwa kwa kalamu. Hakuna kompaila ya kukupigia mstari mwekundu. Kwa hiyo Jumapili, saa moja tu, chukua karatasi tupu na uandike fanksheni moja ya wiki hiyo kutoka kichwani. Kufuta nodi, kugeuza orodha, kuingiza kwenye mti. Chora visanduku na mishale. Kisha ifungue laptopu, iandike kama ilivyo kwenye karatasi bila kurekebisha, uone kompaila inasema nini. Makosa utakayoyaona hapo ndiyo hasa yaliyokunyima alama 13.

ChatGPT na wenzake, ambao tumekuwa nao tangu mwishoni mwa 2022, siwezi kukuzuia wala sitaki. Waulize kwa nini programu inakufa ukifuta ya kwanza. Usiwaambie wakuandikie `futa`. Tofauti ya maswali hayo mawili utaiona ukiwa na kalamu mkononi kwenye ukumbi wa mtihani.

Ukikwama, jipe nusu saa. Baada ya hapo simama, andika sentensi tatu: nilitarajia nini, kimetokea nini, nimejaribu nini. Msomee mtu kwa sauti. Hata mwenzako wa ualimu anafaa, na pengine anafaa zaidi, kwa sababu hatakuruhusu kuruka hatua: atakuuliza "nakala ya nini?", na wewe ukijaribu kumjibu ndipo utakapojisikia ukisema jibu. Mtu akishindwa kukusaidia hivyo, mpelekee mhadhiri au msaidizi wa maabara zile sentensi tatu. Anayefika na sentensi tatu hujibiwa haraka kuliko anayefika na "haifanyi kazi".

Kuna jambo hukuliuliza lakini liko kwenye ratiba. Kwenye mradi wa hifadhidata mko watano, wavulana wanne na wewe, na sehemu yako imeandikwa "ripoti na slaidi". Kila muhula naliona hili, na halinifurahishi. Wanakupa ripoti kwa sababu unaandika vizuri, wanakushukuru kwa dhati, na mwisho wa mwaka wao wamejifunza hifadhidata na wewe umejifunza kupanga vichwa vya habari. Kwenye kikao kijacho sema, kwa upole lakini mbele ya wote, "Mimi nachukua sehemu ya usajili, kuanzia jedwali hadi fomu. Ripoti tugawane." Usiombe, taja sehemu. Na msitumiane faili kwenye WhatsApp za `mradi_mwisho_kabisa2.zip`, watu watano ni jozi kumi za kuelewana, hamwezi kujua nani ana toleo lipi. Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya Linux, inahifadhi kila hatua kwenye mashine yako hata bila mtandao. Unahitaji bando wakati wa kutuma na kupokea tu. Jifunzeni amri zake chache wiki hii. Na vikao vya mradi vikipita saa mbili usiku, rudi na wenzako hadi mlangoni, au uhudhurie kwa simu. Hakuna hifadhidata ya kukufanya utembee peke yako gizani hadi Mabungo.

Watu wa nyumbani ni suala gumu zaidi kuliko algoriti, maana hapo kuna heshima. Shangazi hawezi kuambiwa "niko na ratiba." Lakini anaweza kuambiwa, "Shangazi, hiyo nitakufanyia Jumapili saa nane, niwekee namba ya kitambulisho karibu." Chagua Jumapili saa nane hadi saa kumi, na kila ombi la wiki liingie humo: fomu, simu iliyojaa picha, nywila iliyosahaulika. Ombi la haraka la kweli utalijua, kama vile tarehe ya mwisho ya kuomba mkopo wa masomo wa HELB wa binamu yako. Mengine yanaweza kungoja, na utashangaa mangapi yatakuwa yamejitatua kabla ya Jumapili. Tena, anayeweza kufika soko la Luanda, hapo karibu na Maseno, afike saiba (duka la intaneti) ya pale. Si kila fomu ya ukoo ni lazima ipite kwako. Nywila za watu usizihifadhi kwenye simu yako. Siku pesa zitakapopotea, utaulizwa wewe kwanza.

Wiki za CAT, mpango huu utabana. Tarehe zikishabandikwa, mwendee kiongozi wa kwaya mapema, si jioni ya mazoezi, umwambie wiki hizo utakosa mazoezi ya Alhamisi lakini Jumanne utakuwepo. Mwombe rekodi ya sauti yako ujifunzie ukifua nguo. Kiongozi anayejiandaa kwa makambi anaogopa mwimbaji anayepotea bila neno, si anayeaga. Voliboli usiiguse. Mtu anayeketi mbele ya skrini siku tano anahitaji jioni moja ya kuruka.

Laptopu. Usinunue nyingine. GB 4 zinatosha kwa C, kwa Python na kwa hifadhidata ya darasani. Kinachokupunguzia kasi, nadhani, ni diski ya zamani inayozunguka pamoja na vichupo ishirini vya kivinjari. Mpelekee fundi unayemwamini aangalie kama bado ina diski hiyo. Kama ndiyo, kuibadilisha iwe SSD, diski isiyozunguka, ni gharama ndogo sana ukilinganisha na laptopu mpya, na utaona tofauti siku hiyo hiyo. Akiifungua, mwulize pia kama kuna nafasi ya kuongeza RAM. Kisha weka mfumo mwepesi kama Linux Mint yenye Xfce (mandhari nyepesi ya skrini), na uandikie programu zako kwenye Geany, kihariri chepesi. Kabla hujampa mashine, nakili kazi zako zote kwenye flashi mbili, moja ukae nayo wewe na nyingine mwachie mwenzako wa chumbani.